Dhahabu imepanda, hisa ya mgodi imeshuka: unafanya biashara ya nini hasa?

Msomaji wa Mombasa anauliza, kwa ufupi: ana mtaji wa dola 2,000 za Marekani kwa dalali wa mtandaoni anayemfikisha masoko ya New York na Toronto. Alinunua hisa 600 za kampuni changa ya kutafuta dhahabu nchini Kanada kwa dola 1.00 kila moja, siku ileile kampuni ilipotangaza matokeo mazuri ya uchorongaji. Siku tisa baadaye kampuni ikatangaza toleo la hisa mpya kwa senti 80, kila hisa ikiambatana na nusu waranti. Leo, wiki tatu tangu anunue, dhahabu imepanda, lakini hisa yake iko senti 78. Anataka kujua imekuwaje, biashara ya kununua na kuuza ndani ya siku chache kwenye hisa za madini hufanywaje, na hizo 600 azifanyeje.

Ndugu msomaji, kampuni uliyonunua haichimbi dhahabu bado. Haina mauzo, kwa hiyo bei ya wakia ya dhahabu ikipanda asilimia 5 hakuna hata senti moja ya ziada inayoingia kwenye akaunti yake. Ilicho nacho ni leseni, mitambo ya kuchoronga ya kukodi, wanajiolojia, na fedha za benki zinazopungua kila mwezi. Fedha zikikaribia kwisha, njia yake kubwa ya kupata nyingine ni kutoa hisa mpya, na wakati mzuri wa kuzitoa ni pale bei ikiwa juu, yaani siku chache baada ya kutangaza matokeo mazuri. Ndiyo maana tangazo la uchorongaji na tangazo la toleo hufuatana mara nyingi hivyo.

Sasa mtazame aliyepewa hisa ya toleo kwa senti 80. Nusu waranti mbili zinafanya waranti kamili, inayompa haki ya kununua hisa moja kwa bei iliyopangwa, tuseme dola 1.10, kwa muda wa mwaka mmoja hadi mitatu. Anaweza kuuza hisa kwa zilezile senti 80 alizolipa, akabaki na waranti bure. Wewe uliyenunua sokoni kwa dola 1.00 huna waranti. Ndiyo sababu baada ya toleo la namna hii bei huvutwa hadi kwenye bei ya toleo, mara nyingi chini yake kidogo. Kanada, hisa za toleo la watu wachache kwa kawaida haziruhusiwi kuuzwa kwa miezi minne na siku moja. Tarehe hiyo iandike kwenye kalenda, kwa sababu siku ile mlango unafunguliwa kwa wengi pamoja. Tangu Novemba 2022 kuna pia njia nyingine, iitwayo LIFE, ambapo hisa huwa huru kuuzwa mara toleo linapofungwa. Tangazo lenyewe husema ni ipi. Tafuta sentensi inayotaja muda wa kuzuiwa kuuza; iko karibu na mwisho, pale ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Na hayo matokeo yaliyokuvutia yasome kwa kalamu mkononi. Tuseme yalisema: "mita 10 zenye gramu 5 kwa tani, ikijumuisha mita 1 yenye gramu 45 kwa tani." Mita 10 mara gramu 5 ni 50. Mita ile moja peke yake imebeba 45 kati ya hizo 50. Zilizobaki ni 5, na ukizigawa kwa mita 9 unapata gramu 0.56 kwa tani. Kwa hiyo ulichonunua ni mshipa mwembamba wa mita moja uliozungukwa na mwamba usio na kitu cha maana, nao wastani umeupaka rangi mita zote kumi. Neno "ikijumuisha" ndilo la kwanza kulitafuta. La pili ni unene wa kweli: shimo likiukata mshipa kwa mshazari, mita 10 za kwenye sampuli zinaweza kuwa mita 4 za mwamba wenyewe. La tatu ni kina, maana mbale, yaani mwamba wenye madini, zilizo mita 40 chini hufikiwa kwa shimo la wazi, na zilizo mita 400 zinadai mgodi wa chini kwa chini wenye gharama nyingine kabisa. Baada ya kashfa ya Bre-X mwaka 1997, ambapo sampuli za Busang, Indonesia, zilitiwa dhahabu ili kuonyesha hazina isiyokuwepo, Kanada iliweka kanuni ya NI 43-101 mwaka 2001, na sasa lazima mtaalamu anayetambuliwa asimamie takwimu. Kanuni hiyo inapambana na sampuli za uongo. Haizuii namba ya kweli kupangwa ili ipendeze.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kampuni changa, nalo ni bei mbili. Ukiona anayetaka kununua anatoa senti 76 na anayeuza anataka 80, ukinunua kwa 80 na kuuza papo hapo umeshapoteza asilimia 5 kabla soko halijasogea. Kwa biashara ya siku chache hiyo ni kodi isiyolipika. Ushauri wangu kwa mtaji wa dola 2,000 ni kuziacha kabisa kampuni hizi kwa mwaka wa kwanza.

Wazalishaji ni habari nyingine. Hapo bei ya madini inagusa mapato moja kwa moja, na inagusa kwa nguvu kuliko inavyoonekana. Kipimo cha kutumia ni gharama ya jumla ya kuzalisha wakia moja na kuufanya mgodi uendelee, kipimo ambacho World Gold Council ilikisanifu mwaka 2013 na ambacho wazalishaji wakubwa hukitangaza kila robo mwaka kwa kifupi cha AISC. Tuseme wakia, ambayo ni gramu 31.1, inauzwa dola 3,000. Mgodi wa gharama ya dola 1,500 una faida ya 1,500 kwa wakia. Mgodi wa gharama ya dola 2,500 una faida ya 500. Dhahabu ikipanda asilimia 5, yaani dola 150, wa kwanza faida yake inaongezeka asilimia 10, wa pili asilimia 30. Ikishuka asilimia 5, hesabu ni ileile kwa upande wa chini. Hivyo kampuni ya gharama kubwa huruka zaidi siku nzuri na huanguka zaidi siku mbaya. Wanaozifuata kwa siku chache wanazipenda kwa sababu hiyohiyo inayowamaliza. Uwiano huo haukai sawa muda wote, maana mrabaha wa serikali hupanda pamoja na bei, dizeli nayo ina bei zake, na soko huwa limeshaangalia mbele.

Lakini hata mzalishaji mkubwa ana mambo yake yasiyohusu bei ya madini, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la mabaki ya mgodi wa Vale lilipasuka Brumadinho, Brazili, likaua watu zaidi ya 250. Soko la São Paulo lilikuwa limefungwa kwa sikukuu ya jiji. Lilipofunguliwa Jumatatu tarehe 28, hisa ya Vale ilifunga siku ikiwa imeshuka kwa karibu robo ya thamani yake, huku bei ya madini ya chuma ikipanda kwa hofu ya upungufu. Septemba 2025 matope yalifurika mgodi wa Grasberg, Indonesia, na kuua wafanyakazi saba. Tarehe 24, Freeport-McMoRan iliposema haitaweza kutimiza mikataba ya kupeleka shaba, hisa yake ilipoteza karibu asilimia 17 kwa siku moja. Shaba yenyewe ilipanda siku hiyo. Na karibu na kwetu, Machi 2017 Tanzania ilipozuia makinikia (mchanga wa madini) kusafirishwa nje, hisa za kampuni ya dhahabu ya Acacia zilizokuwa London ziliporomoka kwa sababu ambayo hakuna chati ya dhahabu iliyoweza kuionyesha.

Kwa hiyo kabla ya oda yoyote amua: je, nabashiri bei ya madini, au nabashiri tukio la kampuni? Ukibashiri bei ya dhahabu, usiibebeshe hatari ya mgodi mmoja. Nunua mfuko wa hisa za wachimbaji, kama GDX wa VanEck unaouzwa New York tangu 2006, ndani yake mkiwa na makumi ya kampuni, zikiwemo Newmont, Agnico Eagle, Barrick na AngloGold Ashanti, mmiliki wa mgodi wa Geita. Ajali ya mgodi mmoja humo inauma kidogo tu. (Ukinunua kampuni moja moja hakikisha alama ya soko: GOLD ilikuwa ya Barrick kule New York hadi Mei 2025, sasa alama yake ni B.) Ukibashiri tukio la kampuni, kama ripoti ya robo mwaka au takwimu za uzalishaji, hiyo ni biashara tofauti, yenye kiasi kidogo zaidi na tarehe ya kutoka iliyoandikwa.

Kwa upande wa bei, njia ifuatayo ni ya kawaida na inatosha kuanzia. Subiri dhahabu ifunge siku juu ya kilele cha siku 20 zilizopita. Kisha angalia GDX: kama nayo imefunga juu ya kilele chake cha siku 20 ndani ya siku tatu, wachimbaji wanakubaliana na madini. Kama dhahabu imevuka na GDX imebaki nyuma, kaa pembeni. Kuachwa nyuma huko mara nyingi hutangulia dhahabu kurudi. Tazama pia dola na riba halisi za Marekani (riba ukiondoa mfumuko wa bei), maana dhahabu hailipi riba na hushindana na hati fungani. Uhusiano huo ulilegea tangu 2022, benki kuu zilipoanza kununua kwa wingi, zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka kati ya 2022 na 2024, hivyo uchukulie kama ushahidi wa kusaidia tu. Ukitoka, toka kwa moja kati ya njia tatu: oda ya kukata hasara (inayouza yenyewe bei ikishuka hadi ulipopanga) imeguswa, umepata faida mara mbili ya hasara uliyokubali, au siku kumi za soko zimepita bila jibu. Njia ya tatu husahaulika sana, na ndivyo biashara ya siku chache inavyogeuka kuwa uwekezaji usiokusudiwa.

Saa zina uzito. New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za Mombasa na kufungwa saa tano usiku, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba. Miezi mingine ongeza saa moja. Takwimu za mfumuko wa bei na za ajira za Marekani hutoka saa moja kabla ya soko kufunguliwa, yaani saa tisa na nusu alasiri katika msimu wa kwanza. Uamuzi wa riba wa Benki Kuu ya Marekani, mara nane kwa mwaka, hutoka saa tatu usiku, na mkutano na waandishi nusu saa baadaye. Bei huweza kwenda upande mmoja kwa tangazo na kurudi kwa maneno ya mkutano. Usinunue dakika 30 za kwanza za soko, wakati bei mbili ziko mbali na oda za usiku zinamaliziwa. Na usitumie oda ya bei yoyote. Weka kikomo cha bei uliyo tayari kulipa.

Tuje kwenye kiasi, ambacho ndicho kilichokuumiza kuliko uchaguzi wa hisa. Chukua hisa ya dola 40. Kwenye programu ya dalali weka kipimo cha ATR cha siku 14, ambacho ni wastani wa mwendo wa bei kwa siku, ukihesabu na pengo la usiku. Tuseme kinasoma dola 1.60. Oda ya kukata hasara iweke mara moja na nusu ya hapo chini ya bei yako: dola 2.40 chini, yaani 37.60. Ukiiweka karibu zaidi, mtikisiko wa kawaida wa siku utakutoa kabla hoja yako haijapata nafasi. Asilimia 1 ya mtaji wako ni dola 20. Gawa 20 kwa 2.40, unapata 8.3: nunua hisa 8, dola 320.

Hesabu haiishii hapo. Oda ya kukata hasara haikulindi soko likiwa limefungwa. Ikiwa hisa imefunga 40 na kesho ikafungua 30, oda yako ya 37.60 itatekelezwa kwenye 30 au karibu yake. Kwa hiyo uliza swali la pili: hisa hii ikifungua chini kwa robo, kama Vale, nitapoteza kiasi gani? Kwa hisa 8 ni dola 80, asilimia 4 ya mtaji. Inauma lakini unaendelea. Ungeweka mtaji wote, hisa 50, ungepoteza dola 500. Weka kikomo cha pili kuwa asilimia 5 ya mtaji kwa pengo la robo, ambacho kwako ni hasara ya dola 100, yaani robo ya dola 400 kwenye kampuni moja, na ufuate kikomo kilicho kidogo kati ya viwili. Wewe uliweka dola 600 kwenye kampuni moja changa, na kushuka kwa senti 22 kumekula asilimia 6.6 ya kila ulicho nacho.

Usije ukafidia hilo kwa kununua GDX, B na AngloGold pamoja ukidhani umegawanya hatari. Siku dhahabu inapoanguka, zote zinaanguka. Tarehe 21 Oktoba 2025 dhahabu ilipoteza zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, na wachimbaji walishuka zaidi ya hapo kwa pamoja. Machi 2020 ilikuwa kali zaidi: dhahabu ilishuka kwa kiasi, lakini GDX ilipoteza zaidi ya theluthi ndani ya wiki chache, kwa sababu waliohitaji fedha taslimu waliuza chochote chenye mnunuzi. Hisa tatu za dhahabu zihesabu kama biashara moja yenye dola 20 za kupoteza.

Gharama nazo zipime kwa hasara uliyoikubali. Tuseme unashinda biashara 4 kati ya 10, kila ushindi dola 40, kila kushindwa dola 20. Unapata 160, unapoteza 120, faida 40. Kama dalali anatoza dola 1 kununua na dola 1 kuuza, biashara kumi ni dola 20: nusu ya faida yako imekwenda, na bado hujahesabu kutuma fedha nje na kuzirudisha. Kwa mtaji huu tafuta dalali asiye na ada ya chini kwa kila oda, au fanya biashara chache. Soko la Nairobi nalo lina mfuko wa dhahabu, NewGold, tangu 2017, lakini unafuata bei ya dhahabu yenyewe, wauzaji na wanunuzi ni wachache, na malipo hukamilika siku ya tatu. Ni wa kuweka, hautoshi kwa siku chache. Marekani malipo hukamilika siku inayofuata tangu Mei 2024. Kwa akaunti ya fedha taslimu, ukiuza Jumatatu fedha zako zimekamilika Jumanne. Ukizitumia kununua kabla ya hapo na kuuza tena upesi, dalali anaweza kukufungia akaunti kwa muda.

Mifuko inayozidisha mwendo wa siku mara mbili iache. Soko likipanda asilimia 10 kisha likashuka asilimia 10, mfuko wa kawaida unatoka 100 hadi 99. Wa mara mbili unatoka 100, unafika 120, unaishia 96. Vilevile angalia kama programu yako inakuuzia hisa au mkataba wa tofauti ya bei tu. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba hiyo hupoteza fedha. Mkopo wa dalali ndio unaogeuza pengo dogo la asubuhi kuwa akaunti tupu.

Sasa hizo hisa 600. Ulizinunua kwa sababu ya tangazo. Tangazo limeshatumika, toleo limekuja, na bei iko chini ya bei ya toleo. Sababu yako ya kununua haipo tena, kwa hiyo uza, isipokuwa kama uko tayari kuzishika hadi matokeo yajayo ya maabara. Na hata hivyo usibaki na zaidi ya 200. Usiuze wakati wa ufunguzi. Zigawe mara mbili, 300 kwa 300. Kama wanunuzi wanatoa 76 na wauzaji wanataka 80, weka oda ya 78 na uiache hadi saa moja kabla ya kufungwa. Haijachukuliwa, ishushe hadi 77, kesho yake 76. Angalia pia idadi ya hisa zinazotakiwa kwenye 76: kama ni 200 tu, oda yako ya 300 ya bei yoyote ingeishia 74 au chini.

Ukiziuza zote kwa senti 78 unapata dola 468, na pamoja na zile 1,400 utakuwa na dola 1,868 kabla ya ada. Asilimia 1 yake ni dola 18.68, na kikomo cha kampuni moja kinashuka kutoka dola 400 hadi 373. Hizo ndizo namba za oda yako inayofuata.